Siku ya Darubini

Ukimwita kwa jina alilopewa na wazazi wake, Breki angeweza asigeuke. Jina la Breki alibandikwa na madereva wenzake kwa sababu hakupenda kuzikanyaga, nalo likamganda mpaka mkewe akalizoea. Utu uzima wake wote ulipita barabarani: lori la mahindi kwenda, lori la saruji kurudi, chai ya kusimama na usingizi wa kuiba. Sasa alikuwa chali kwenye godoro sebuleni kwake, mguu wa kulia umefungwa plasta toka pajani hadi kwenye vidole. Na kilichomuuma kuliko mfupa ni namna alivyouvunja.

Alipindua lori kwa ajili ya mnyama.

Ilikuwa kona aliyoijua kama mlango wa nyumba yake. Kitu chekundu kikakatiza kutoka kichakani, na kabla akili haijafika, mikono ilishakata usukani. Lori likalala ubavu mtaroni, saruji ikatapakaa, mnyama akaenda zake. Hakuna mwingine aliyeumia. Bosi alimfuata wodini akasimama miguuni pa kitanda. "Breki, ndugu yangu," alisema, "umepindua lori zima kumkimbia kitoweo?" Utani huo ukatembea gereji nzima. Breki alicheka nao, maana angefanyaje? Lakini akibaki peke yake alijiona bwege.

Asubuhi hiyo mkewe, ambaye ni muuguzi, alikuwa akifunga kamba za viatu vya kazi.

"Leo mama atakuja kushinda na wewe."

"Mama yupi?"

"Kwani nina mama wangapi?"

Breki akajaribu kuketi. "Mke wangu, hebu nihurumie. Mimi na mama mkwe kutwa nzima, nami nimevaa kaptula?"

"Hakuna suruali inayopita kwenye hiyo plasta," mkewe akasema, akambusu utosini na kutoka.

Mama mkwe alifika na kikapu chake cha ushonaji. Alikuwa fundi cherehani, mwembamba, mwenye maneno machache yaliyonyooka kama mishono yake. Katika miaka yote ya ndoa, yeye na Breki hawakuwahi kuzungumza zaidi ya salamu na hali ya hewa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mguu?"

"Unaendelea."

"Unaendelea wapi, na mwenyewe umelala?" Akafungua pazia, akanusa hewa ya chumba, akakunja uso. "Inuka. Twende nyuma."

Breki akayatafuta magongo. Mama mkwe hakumshika mkono wala kumwambia pole. Alitangulia akisogeza viti na mazulia yasimkwaze, na kila Breki aliposimama kupumua, naye alipata kitu cha kukunja au kupangusa mpaka mwenzake awe tayari. Kwenye kibaraza cha nyuma akamkalisha, akauinua mguu juu ya kreti la soda lililotandikwa mto.

Nyuma ya nyumba ardhi iliteremka taratibu hadi kwenye bwawa lililozungukwa na matete. Breki alikuwa ameipanga nyumba hiyo miaka, na bwawa alilijua kwa mbu wake tu.

Mama mkwe akatoa kikapuni darubini nzito, ngozi ya mkanda wake imebanduka. "Ya marehemu mzee. Aliinunua ili aone mpira kutoka viti vya nyuma. Timu yake ilipozidi kufungwa, akaanza kuangalia ndege juu ya uwanja. Shika."

Mwanzoni Breki hakuona kitu, ukungu na matete tu. Macho yake yalizoea kutazama mbali na kupita. Akazungusha kigurudumu kama alivyoelekezwa, na ghafla ndege mdiria wa buluu akamjia mbele ya pua, ametulia juu ya utete na samaki mdomoni, akimpigapiga samaki huyo kwenye shina.

"Aisee! Anamtwanga kwanza!"

"Wewe unakula samaki mzima mzima?"

Wakakaa. Bata maji akapita na vifaranga wake, mmoja akibaki nyuma kila mara kisha akipiga mbio juu ya maji. Mama mkwe akashona. Baada ya muda Breki akajikuna pembezoni mwa plasta.

"Tunangoja nini, mama?"

"Sijui. Chochote kitakachotoka. Kwani una safari?"

Breki akacheka, na safari hii kicheko kilitoka tumboni. Kenge mkubwa alipojitokeza kuota jua kwenye tope, akajitutumua kama bwana shamba, Breki akasema, "Huyu msafara wa mamba umemwacha." Mama mkwe aliinamia nguo yake, lakini mabega yalimtikisika.

Walikula mchana palepale, mabakuli mapajani. Jua lilipoanza kulainika, mama mkwe akaacha sindano hewani.

"Kulia," alinong'ona. "Usijitikise."

Matete yakafunguka, akatoka mbawala jike. Alikuwa mwekundu wa kahawia, madoa meupe mapajani, masikio yakizunguka huku na huku. Akaja mpaka ukingoni, akasikiliza. Kisha akatoka mtoto wake, miguu kama vijiti, akasimama chini ya tumbo la mamaye na kumgonga kwa kichwa akitafuta ziwa. Mbawala akainama kunywa maji. Akainua shingo, matone yakimchuruzika kidevuni, akageukia upande wa kibaraza.

Breki akaikaza darubini machoni. Rangi ilikuwa ileile. Barabarani aliiona kwa muda wa kufumba na kufumbua. Sasa aliona hadi kope. Akahisi shavu limelowa.

"Mama, shika na wewe uone," alisema.

Mama mkwe hakugeuka. "Endelea kushika. Mimi naona vizuri tu."

Basi akaendelea kuishikilia machoni, hata baada ya mbawala na mwanawe kurudi matetini, mpaka uso ulipokauka.

"Alikuwa kama huyo?" mama mkwe akauliza.

"Huyohuyo kabisa. Watu wanasema nimevunjika kwa ajili ya kitoweo."

Mama mkwe akakata uzi kwa meno. "Binti yangu alipokuleta nyumbani, nilimwambia baba yake, dereva huyu wa mbio atatuletea msiba. Sikukutaka, baba. Sikufichi."

"Nilijua, mama."

"Siku niliyopigiwa simu, wakanieleza ulivyoanguka, nilikaa chini. Nikasema, kumbe mwanangu ameolewa na mtu mwenye huruma mikononi. Ile ya mdomoni wanayo wengi. Ya mikononi haingoji kufikiri." Akaiinua nguo aliyokuwa akishona, akaipima kwa macho. "Vaa hii kesho."

Ilikuwa suruali ya Breki mwenyewe, mguu mmoja umepasuliwa hadi juu na kutiwa vifungo.

Mkewe aliporudi kutoka kazini alipita sebule tupu kwa hofu, akawakuta kibarazani wakibishana juu ya ndege fulani kama ni dume au jike. Wote wawili wakamwashiria anyamaze. Akaketi kwenye ngazi, na Breki akamsimulia ya mbawala kwa kunong'ona, akirudia sehemu ya mtoto, huku vidole vyake vikizifungua nywele za mkewe zilizobanwa tangu alfajiri.

Mbu walipoanza, mama mkwe akasimama. Breki naye akayavuta magongo.

"Nakusindikiza, mama."

"Na mguu huo?"

"Mpaka mlangoni tu."

Ilichukua muda. Mama mkwe alitembea sambamba naye, akipunguza hatua. Mlangoni akakihamishia kikapu mkono wa pili.

"Jumamosi nitakuja na kiti changu," alisema. "Hivyo vyenu vinauma mgongo."