Gari Chini ya Mwaloni

Mtaani kwetu New Orleans, kimbunga kikitangazwa, kila mtu hukimbilia kupandisha gari lake kwenye ukanda wa nyasi ulioinuka katikati ya barabara, maji yasije yakalimeza. Mume wangu, Alcide, alipata nafasi chini ya mwaloni unaotazamana na nyumba yetu, upande wa pili wa shina, akarudi anajisifu utadhani kashinda bahati nasibu.

"Upande ule ndiko mafundi wa mabomba walikokata mizizi mwezi uliopita," nikamwambia.

Mama yake, Bi Philomène, alikuwa barazani na kahawa yake. "Odile, mwanangu, woga utakuua kabla ya kimbunga. Babu yangu aliukuta mti huu hapo hapo. Mwaloni hauanguki."

Ukibishana na yule mama utakesha.

Saa nane mchana umeme ukakatika. Alcide akaenda kukaa garini achaji simu, kama wanavyofanya majirani wote. Upepo ukazidi, nami nikaona jambo la ajabu. Kila ukivuma, gari lilipanda kidogo, kisha likashuka, kama kifua cha mtu aliyelala. Jamani, niliogopa. Nikamwita, sauti yangu ikachukuliwa na upepo.

"Mama, kaa hapo hapo, usitoke," nikasema, nikaingia kwenye maji ya magotini.

Alcide akateremsha kioo. "Umeniletea chakula huku?"

"Toka. Ardhi inanyanyuka."

"Wewe na woga wako..."

Gari likapanda tena, na safari hii halikushuka. Alitoka bila viatu. Nikamvuta mpaka ng'ambo ya barabara, upande usio wa kwetu, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Yeye aliganda, anautazama mti.

"Udongo unanyanyuka upande huu," akasema. "Basi mti utalalia kule."

Kule ni kwetu, na mama yake yupo barazani nilikomwambia akae.

Tukapiga kelele wote wawili, tukipunga mikono. Bi Philomène akatuona, akasimama. Nikadhani ameelewa. Akainua kidole, kwamba tungoje kidogo, akaingia ndani kuchukua mkoba wake.

Mwaloni ukalalia baraza na chumba cha mbele. Alcide alikuwa ameshaanza kukimbia. Tulivunja matawi kwa mikono, tukiita, tukinyamaza tusikilize, tukiita tena. Hatukujibiwa.