Mashahidi wa Célia Damasceno

Saa kumi na robo, baada ya sala ya alasiri, wanawake wa mtaa wa Mchangani huvua ndala mlangoni kwa Alima na kukaa mkekani. Televisheni iko juu ya meza ya cherehani, imeunganishwa na betri ya sola kwa waya mwekundu. Alima husimama ubavuni mwake na utepe wa kupimia nguo shingoni, akiyageuza maneno ya novela, tamthilia ya kila siku, kutoka Kireno kwenda Kiswahili, nusu sentensi nyuma ya wahusika. Ana miaka thelathini na sita, anashona magauni, na Kireno chake ni cha darasa la saba la siku zile ambapo darasa la saba lilikuwa kitu. Anapokwama huongeza ya kwake, na hakuna anayelalamika, kwa kuwa ya kwake mara nyingi ni matamu zaidi.

Novela yenyewe ilimhusu Célia Damasceno, binti wa shamba la michungwa anayedhulumiwa urithi na shemeji yake. Haikutazamwa kimya. Bi Mwajuma, muuza mihogo ya kukaanga aliyehamia pale kutoka Quiterajo, alizungumza na televisheni kama anavyozungumza na wateja wake. "Huyo usimwamini, mwanangu, mtazame macho," alisema karibu kila siku. Cadija, bi harusi wa nyumba ya pili, alisusa machungwa wiki nzima kwa sababu shemeji alionekana akila chungwa huku anadanganya. Fundi Abdurrazaque alikaa nje chini ya dirisha, akijifanya anatengeneza redio ileile kwa mwaka wa pili, na siku Célia alipompata mama yake ilisikika bisibisi ikianguka, kisha mtu akipenga kamasi. Katika kipindi cha sitini na moja Célia alishika kalamu atie saini karatasi za shemeji. Wanawake wote walimwambia asitie. Akaiweka kalamu mezani, na kesho yake kwenye foleni ya maji watu walisema amefanya vizuri.

Alhamisi moja ya mwezi wa saba, katikati ya tangazo la sabuni, Célia alitoka kwenye televisheni. Alitanguliza mguu wa kushoto. Bi Mwajuma akamrudisha ndani atoke upya kwa mguu wa kulia, kama anavyoingia mtu mwenye adabu katika nyumba ya watu. Célia alirudi, akatoka kwa mguu wa kulia, akapiga hodi. Wakamwitikia karibu, wakasogea apate nafasi mkekani.

Alizungumza Kiswahili, tena kwa sauti ya Alima, maana mtaani pale hakuwahi kuwa na nyingine. Hata ule mtindo wa Alima wa kuvuta pumzi kabla ya kutaja tarakimu alikuwa nao. Alieleza kwamba kilichomtoa ni harufu ya mihogo. Kwao shambani watu huketi mezani mbele ya chakula kizuri, wakagombana, wakaondoka bila kula, na yeye alikuwa amechoka. Siku ile alikula vipande tisa.

Novela iliendelea bila yeye. Shemeji alimtafuta chumba hadi chumba, polisi wakaitwa, watu wakapiga mbizi mtoni. Mchangani walikubaliana kwamba imekuwa nzuri zaidi hivyo, kwa sababu wao walijua alipo.

Mgeni akizidisha siku saba, katibu wa mtaa hutaka karatasi zake. Kwa hiyo Jumatatu walimpeleka Célia kwenye ofisi ya registo, yaani ya kuandikisha watu, iliyokuwa ndani ya kontena, kwa Osvaldo, mtu wa Mueda mwenye miwani na mwandiko mzuri. Kanuni aliyopewa Osvaldo ilikuwa wazi. Asiye na karatasi alete mashahidi wawili waliomwona akizaliwa, na mashahidi hao wawe na bilhete, yaani kitambulisho cha serikali.

"Nani alikuwepo huyu alipozaliwa?" aliuliza.

"Sisi sote," alisema Bi Mwajuma.

Walikuwa wanawake arobaini na watatu, na kumi na mmoja kati yao walikuwa na bilhete. Osvaldo aliwahoji mmoja mmoja. Wote walisema mvua ilikuwa ikinyesha, umeme umekatika, mkunga ana kovu shavuni, na mtoto alilia mara mbili kisha akapiga chafya. Waliyaona kwa macho yao, kipindi cha kwanza. Osvaldo alikiri kwamba tangu aanze kazi hajapata mashahidi wanaopatana namna ile, kwani hata ndugu wa damu hubishana juu ya mwaka.

"Ila kuna jambo moja," alisema. "Novela hii imetoka kwenye kitabu, na kitabu mimi nimekisoma. Ukurasa wa mia tatu na kumi na mbili, dada huyu anafariki kwa homa. Sasa nimwandikishe vipi?"

Célia alisema yeye hajafika huko.

"Hicho kitabu kina mhuri, senhor Osvaldo?" aliuliza Bi Mwajuma.

"Hakina."

"Basi ni maneno ya watu tu."

Osvaldo alilipima jambo hilo, akaona lina uzito, akaandika. Aliongeza kwamba hata hivyo kitabu ni kizuri kuliko novela, hasa pale maua ya michungwa yanapoelezwa kwa kurasa nne bila mtu yeyote kusema neno. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Bilhete ya Célia ilitoka baada ya siku tisa, na picha yake ilikuwa nzuri.

Siku ileile ya mashahidi Alima naye aliulizia yake, kwa mara ya nne. Karatasi zake ziliungua pamoja na nyumba wakati wa vita. Baba yake amefariki, mkunga amefariki, na majirani wa zamani wametawanyika mpaka Nampula. Amebaki mama yake, Bi Fatima, aliyekimbilia Mueda na ambaye miguu yake haiwezi tena safari. Alima alikuwa hajamwona kwa miaka mitano. Bila bilhete hapiti kizuizi cha barabarani, bila kupita kizuizi hamfikii mama yake, na bila mama yake hana hata shahidi wa kwanza wa kumpatia bilhete. Osvaldo aliujua mzunguko huo na ulimsikitisha kwa dhati, lakini fomu ilikuwa ileile.

"Nani hapa alikuona ukizaliwa, da Alima?"

Alima aliwageukia wale arobaini na watatu. Walikuwa wakitazama miguu yao.

"Hayupo," alisema.

Jioni ile hakugusa cherehani. Alilia mbele ya watu wote wala hakujificha. "Miaka miwili nimewapa sauti yangu," aliwaambia. "Mnajua Célia alipiga chafya baada ya kulia mara ngapi. Mimi hamjui hata nilizaliwa mwezi gani." Iliwauma kwa sababu ilikuwa kweli.

"Mimi nimekutazama," alisema Célia, kwa sauti ileile iliyokuwa ikilia. "Nyinyi mlikuwa mnanitazama mimi. Mimi nilikuwa natazama huku. Kule ndani hakuna kingine cha maana cha kutazama."

Bilhete yake ilipotoka, alirudi nayo kwenye kontena, pamoja na Bi Mwajuma na ya kwake. Osvaldo alichukua kalamu. Célia alivuta pumzi, akaanza.

"Kipindi nilichokipenda kuliko vyote ni kile cha wali. Alima aliinjika wali, akaja kuwafasiria watu harusi yangu, wali ukaungua, moshi ukajaa nyumba nzima, na yeye akaendelea mpaka padri alipomaliza. Hapo ndipo nilipompenda. Kile cha mvua pia kizuri, alipoishikia televisheni mwavuli na yeye akalowa chapachapa. Cha gauni la harusi la Cadija nilikiona kirefu kidogo, yale mambo ya mikono wangeyapunguza, lakini mwisho wake ulinitoa machozi."

Osvaldo alikuwa ameacha kuandika. "Mwanzo wake ulikuwaje?"

"Mwanzo alikuwa amesimama mbele yangu ameshika waya wa antena, anauliza kama inaonekana. Tarehe kumi na nne, mwezi wa tatu, mwaka juzi."

"Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo palikuwa giza."

Bi Mwajuma, ambaye siku ya antena alikuwa ameshika ncha ya pili ya waya na hakuwa amemjua Alima kabla ya hapo, alithibitisha tarehe. Osvaldo alitafuta kwenye fomu mahali pa kuandika "alionekana". Hapakuwepo. Palikuwepo "alizaliwa". Mbele yake walikuwa mashahidi wawili, bilhete mbili na tarehe moja, na yeye ni mtu wa sheria. Akaandika kwamba Alima amezaliwa tarehe kumi na nne Machi, mtaa wa Mchangani, kando ya antena. Akapiga mhuri, akampa cheti cha kuzaliwa, akamwambia bilhete aje kuiomba akishakua.

Hivyo Alima akawa na miaka miwili na miezi minne. Dada wa afya aliyepita nyumba hadi nyumba alimkuta kwenye orodha, akamdondoshea matone ya polio, akampaka wino kidoleni, akamwachia chandarua cha watoto wa chini ya miaka mitano. Bi Mwajuma alimpiga marufuku kula pilipili. Mtaa ulicheka mpaka Abdurrazaque akaingia ndani kucheka vizuri, akasahau kubeba redio. Alima naye alicheka, akashika mbavu, akasema tangu vita hajawahi kucheka hivi. Cadija ndiye aliyekumbuka kwamba vizuizini mtoto mdogo haulizwi bilhete, mradi yuko na mtu mzima mwenye yake.

Jumamosi Alima na Célia walipanda lori la chumvi, wameshikana mikono. Kwenye kizuizi cha Diaca askari alisoma cheti, akamtazama Alima kuanzia kilemba hadi ndala.

"Mkubwa kwa umri wake," alisema.

"Anakula vizuri," alisema Célia.

Askari alifungua bilhete ya Célia, akaisoma mara mbili, akashusha sauti. Kipindi cha sitini na moja kilimkuta yuko zamu, na jambo hilo limemsumbua tangu hapo. Alitaka kujua kama alitia saini. Célia akamwambia hakutia. Askari akashusha pumzi, akatoa biskuti mfukoni, akampa mtoto.

Mueda kulikuwa na baridi. Bi Fatima alikuwa ameketi mlangoni akichambua njugu, na alipomwona binti yake sinia lilimponyoka. Alimshika Alima uso kwa mikono miwili, akamgeuza huku na huku, akamnusa utosini. Furaha iliwazidi wote wawili, kwa hiyo Célia ndiye aliyeziokota njugu. Baadaye alimsomea Bi Fatima cheti.

"Miaka miwili?" aliuliza Bi Fatima.

"Na miezi minne, mama," alisema Alima.

"Mbona uchungu wake naukumbuka wa zamani sana."

Akausimulia. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, karibu na kufuturu. Baba yake Alima alikwenda kumwita mkunga kwa baiskeli isiyo na breki, akateremka nayo mlima, akampita mkunga njiani akimpungia mkono, na mkunga akafika kwa miguu, akazalisha, akaoga, akafuturu, kabla baba hajarudi. Majirani, ambao wote walikuja Mueda wakikimbia vita kama yeye, walisikia kicheko wakasogea. Kesho yake walileta wenzao. Siku ya tatu walishaanza kubishana, wengine wakisema yule baba hafai kusamehewa, wengine wakisema baiskeli ndiyo yenye kosa, na mama mmoja alimwambia Bi Fatima usoni kwamba mkunga alistahili kupewa sehemu kubwa zaidi katika hadithi. Célia alisimama ubavuni akiwafafanulia waliochelewa.

Ilipofika Ijumaa, wanawake sitini walijua siku, saa, jina la mkunga na mahali baiskeli ilipogota. Walikuwa tayari kuapa mbele ya yeyote. Alima aliwauliza nani ana bilhete. Hapakuwa na hata mmoja. Ziliungua, kila moja katika kijiji chake, na ya Bi Fatima iliungua katika nyumba ileile iliyoungua na karatasi za binti yake. Alima akajisogeza karibu na mama yake, akalaza kichwa pajani mwake, akaomba lile la baiskeli lirudiwe.