Pampu ya Mashine Nyekundu

Mama yangu ana ndevu, ana miaka sitini na miwili, na sigara haimtoki mdomoni. Jina lake Tulugaq. Mama aliyenizaa alifariki nikiwa na miaka minane, na mwaka uliofuata mtoto wa jirani akapewa jina lake. Kwetu huku kwenye barafu, anayerithi jina la marehemu hurithi na nafasi yake. Basi mtoto huyo, Tulugaq, ndiye mama yangu hadi leo. Hunituma, hunigombeza, nami humjibu kwa adabu siku ninapokumbuka.

Mwishoni mwa mwezi wa tatu aliletewa barua. Pikipiki yake ya theluji, nyekundu, imeandikwa Brenta ubavuni, ilikuwa na pampu mbovu ya mafuta. Kampuni ilisema pampu za namna ile hufa ghafla kwenye baridi kali na haziamki tena. Asiiendeshe, asubiri spea ya bure, iko ndani ya waranti. Akasubiri wiki sita, anakwenda kwa miguu kuvua samaki.

Nilimcheka mpaka mbavu zikaniuma. "Mama, itandike ngozi basi, iwe kiti cha wageni."

"Cheka, cheka, binti yangu. Meno yenyewe yamebaki matatu."

Mwanangu Natsiq alikuwa na ya bluu, Osvik, aliyoinunua kwa wakala mwingine. Aliposikia habari ya barua aliniuliza, "Mama, yangu nayo isije ikawa na ugonjwa huo?"

Nikamjibu, "Barua imesema Brenta. Wewe una Osvik. Unataka kuazima hata ugonjwa wa jirani?"

Akacheka, akaenda zake. Maneno hayo niliyasema mimi, kwa kinywa changu. Nayaandika ili nisije nikajidai nimesahau.

Katikati ya mwezi wa tano spea ikafika na ndege. Tulugaq akaja kuifungia mbele ya nyumba yangu, ambako upepo haufiki. Natsiq alikuwa ametoka asubuhi, peke yake, kwenda kuwinda sili kule ukingoni, barafu inapoishia na bahari wazi kuanza. Nilimpelekea Tulugaq chai, naye akanipa pampu ya zamani nimshikie.

Nikaijua.

Wakati wa baridi Natsiq aliisafisha ya kwake mezani kwangu, na ni mimi niliyeishika. Umbo lilelile, na alama ileile ya bundi mdogo iliyogongwa ubavuni. Nikainama, nikasoma kibati kilichopigiliwa chini ya kiti. Shule niliishia darasa la nne, lakini namba hazinipiti, maana bingo ya Ijumaa sikosi. Jina la kiwanda lilikuwa lilelile lililo kwenye mashine ya mwanangu. Tarakimu nne za mwanzo, zilezile.

Mimi ninayemwita mzee wa ndevu mama, nilishindwa kufikiri kwamba mashine moja inaweza kuwa na majina mawili.

"Mama," nikasema, "hii na ya Natsiq ni moja."

Akakitazama kibati. Hakunitania. Akatazama moshi juu ya nyumba yangu. Asubuhi ulikuwa ukilalia nchi kavu. Sasa ulikuwa unalalia baharini.

Sikuhitaji kuambiwa. Upepo wa kutoka bara huikata barafu ya ukingoni ukaiondoa pamoja na kila kilicho juu yake. Kaka yangu mkubwa aliondoka hivyo, anatupungia mkono.

Nikaita kwenye redio ya upepo: "Natsiq, rudi sasa hivi! Usizime injini!" Ikanijibu mikwaruzo tu. Nikampigia wakala wa Osvik huko kusini, kwa kweli nikitaka aniambie nimekosea.

"Barua hiyo haituhusu, bibi," akasema. "Ile ni Brenta. Chapa tofauti."

"Na kiwanda je?"

"Mimi nauza chapa, bibi."

"Sasa mwanangu anaendeshwa na chapa au na pampu?"

"Ajaze fomu," akasema.

Nilipotoka nje Tulugaq alikuwa anakaza bolti ya mwisho. Nilitaka kumsaidia, akaninyang'anya spana. Injini ikawaka. Nikachukua chusa na kamba yake, Tulugaq akavaa bunduki yake begani, nikapanda nyuma.

"Baki nyumbani, binti yangu."

"Mama, nyamaza uendeshe."

Barafuni tulikuta alama za mashine ya Natsiq. Zilikuwa za kwenda tu. Nilimwomba Mungu, nikaona aibu kumsumbua baada ya kicheko changu kile, kisha nikamwomba tena. Mbele yetu mbingu ilikuwa nyeusi chini, ndivyo inavyokuwa juu ya maji wazi. Tulugaq akapunguza mwendo. Akashuka, akatangulia kwa miguu, anagonga barafu kwa chusa kila hatua chache, anasikiliza.

Kisha akasimama. Ufa ulikuwa miguuni pake. Maji meusi, upana wa kitanda.

Ng'ambo yake, mbali kidogo, Natsiq alikuwa amepiga magoti mbele ya mashine ya bluu, boneti wazi, ametugeuzia mgongo. Alikuwa anavuta kamba ya kuwashia. Anavuta, anapumzika, anavuta. Hakujua kilichokuwa nyuma yake. Nilimwita, lakini kofia ya koti ilikuwa imemziba masikio.

"Mama!" nikapiga kelele, na hata sijui nilikuwa namwita yupi.

"Nipo," akasema Tulugaq. Akapiga bunduki hewani.

Natsiq akageuka. "Ni plagi tu! Inawaka sasa hivi!"

"Iache! Ni pampu! Kama ile ya Brenta!"

"Yangu ni Osvik!"

Nimesikia mengi maishani, lakini sentensi ile ilinichoma.

"Nilikosea!" nikalia. "Nilikosea mwanangu, kimbia!"

Ndipo alipouona ufa. Haukuwa tena upana wa kitanda. Akakimbia bila bunduki, bila sleji yake ya kukokotea mizigo, akaruka. Kifua kikafika kwetu, miguu ikaingia majini. Tulugaq akamrushia kamba, tukavuta, mimi nimelala kifudifudi, barafu chini yangu inalia.

Tulimvua viatu palepale. Nikaiingiza miguu yake ndani ya koti langu, kwenye tumbo tupu, na baridi yake ikanipanda mpaka kooni. Nyuma yetu mashine ya bluu ilikuwa inakwenda taratibu na barafu yake, boneti wazi. Tulirudi watatu juu ya kiti kimoja, na kila injini ilipokohoa hakuna aliyepumua.

Wiki ya pili wakala wa Osvik alinipigia mwenyewe. Barua yao nayo ilikuwa imetoka. Pampu mpya ipo, ya bure, ila kwanza turudishe ile mbovu.

Nikamweleza iliko. Akauliza kama kuna njia ya kufika.

Nikamwambia njia ilikuwepo.