Waya wa Hita

Kaka yangu mtaani wanamwita Bingwa, na sifa hizo ndizo zilizomharibu. Kwa mdomo wake, hakuna gari linalomshinda. Letu ni la dizeli, kuukuu, limenizidi umri. Asubuhi za baridi lilikuwa haliwaki mpaka plagi za hita zipashe injini moto kwanza, na waya wa plagi hizo ulikuwa umechoka. Bingwa akaung'oa wote. Akavuta waya mpya, mnene, kutoka kwenye betri, akautia fyuzi, akaupitisha kwenye tundu la bati hadi chini ya dashibodi, akafunga rilei ya kupitisha umeme na kitufe cha kubonyeza. Nikamsifu, sikatai. Gari likawa linawaka mara moja.

Shida ikawa fyuzi. Kila baada ya siku mbili tatu inaungua.

"Kaka, mbona hii fyuzi haidumu?" nikamwuliza.

"Fyuzi za siku hizi feki, dada. Niachie mimi." Akasokota nyuzi za shaba, akazichomeka mahali pa fyuzi. Kweli bwana, hakikuungua tena kitu.

Asubuhi ile nilikuwa nampeleka mama hospitali. Tangu apate kiharusi, upande wake wa kulia hauna nguvu. Mimi na kaka tulimpakia kiti cha nyuma, jasho likitutoka, kisha kaka akaenda zake kuoga. Nikabonyeza kitufe kama kawaida. Ikaja harufu ya plastiki inayoungua.

"Nini hicho?" mama akauliza.

"Si kitu, mama."

Moshi ukafuka chini ya dashibodi. Nikazima, nikachomoa ufunguo, na moshi ukazidi. Hapo ndipo woga uliponishika. Waya ule ulitoka moja kwa moja kwenye betri, kwa hiyo kuzima gari hakukusaidia kitu. Ilibidi kufungua boneti na kuchomoa betri. Na boneti yenyewe tumeipiga mnyororo na kufuli, maana wezi wa betri mtaani kwetu hawalali. Ufunguo wa kufuli anao Bingwa, na Bingwa yuko bafuni.

"Kakaaa! Gari linaungua! Mama yumo ndani!"

Nikakimbilia mlango wa nyuma, nikamshika mama makwapani, nikavuta. Mama yangu ana mwili. Mguu wake mbovu ulikuwa umeingia chini ya kiti cha mbele, umenasa. Nikavuta tena, akalia kwa maumivu. Moto ukachungulia pale kwenye usukani. Ee Mungu wangu! Nilichowaza ni kimoja tu, kwamba mama yangu ataungua nami nimemshika.

"Niache," mama akasema. "Toka, mwanangu."

"Unaniambia nini wewe!" Namfokea mama yangu mzazi, mimi!

Bingwa akatokea na taulo, povu la sabuni masikioni. Akaona, akageuka mbio kurudi ndani. Ufunguo uko kwenye suruali! Nilimporomoshea matusi ambayo siwezi kuyarudia. Aliporudi, ufunguo ukawa unagonga kila mahali isipokuwa tunduni. Mwishowe kufuli likaachia, akaung'oa waya wa betri kwa mkono, akaleta ndoo ya maji ya kuogea na kuyamwaga yote kwenye dashibodi. Nikavuta mara nyingine, mguu wa mama ukanasuka, tukaanguka chini pamoja. Mama alikuwa amejikojolea. Nikamfunika kwa nguo yangu ya kujitanda.

Moshi ulipoisha tukaona kilichotokea. Ukingo wa lile tundu la bati ulikuwa umeusugua waya mpaka shaba ikatoka nje, ikawa inagusa bodi. Ati fyuzi feki! Fyuzi ilikuwa inatuokoa kila ilipoungua, na sisi tunaitukana.

Bingwa hakubisha. Alifanya kazi mpaka alasiri. Aliweka waya mpya, akavisha mpira kwenye tundu, akafunga fyuzi ya kweli karibu na betri, akapima kila plagi kwa balbu.

"Tayari," akasema. "Kesho mpeleke mama bila wasiwasi. Haya, bonyeza tujaribu."

"Ingia nyuma."

"Wapi?"

"Pale alipokaa mama. Ingia."

Akaingia, anacheka kicheko cha kubabaisha. Nikamfungia mlango, na mlango ule kwa ndani haufunguki.

"Mguu chini ya kiti cha mbele," nikamwambia. Akauingiza. Mama alikuwa barazani, anatutazama. Nikakaa kwenye usukani, nikanyoosha kidole kwenye kitufe.

"Dada."

"Nini?"

"Subiri kwanza. Nifungulie."

Nikamfungulia. Akashuka bila kunitazama usoni, akalala chali chini ya dashibodi, akaanza kufungua upya kila alichokuwa amekifunga.