Mkia wa Ndege ya Baba

Arlys Brekke hakumuuzia mtu ndege kabla ya kumwona akipiga ribiti, vile vijipini vya kuunganishia bati. Alimpa baba vipande viwili vya bati la alumini vilivyokwisha kutobolewa, akampa na nyundo ya upepo, mimi akanikabidhi kipande cha chuma kizito cha kukandamiza upande wa pili. Kisha akaegemea meza yake ya kazi, mikono kaikunja kifuani.

"Haya, Lowell, nionyeshe. Wengi wanaokuja hapa ni marubani wa mdomoni."

"Nimetengeneza matrekta miaka arobaini, mama. Hakuna lililorudishwa."

"Trekta likiharibika linasimama. Hii nayo itasimama wapi?"

Baba alicheka, akainama. Alipiga ribiti kumi, na kila moja mlio wake ulinipita mpaka kwenye meno. Arlys akapitisha kidole gumba juu ya safu nzima kama anayekagua vumbi kwenye rafu ya mtu mwingine.

"Tisa safi kabisa. Hii ya kumi imelewa."

"Ya kumi ni ya Signe," baba akasema, akinionyesha kwa kidevu. "Binti yangu huyu yuko hapa mwili tu."

Alisema kweli. Tulikuwa tumeendesha gari kwa saa mbili kuelekea kusini, tukipita mahindi ya mwezi Juni yaliyofika magotini, na muda wote ule nilikuwa naomba Mungu gari liharibike. Baba aliongea njia nzima. Alinieleza, kana kwamba sijasikia mara ishirini, kwamba ndege ya kujiundia hununuliwa kwa vipande, na kipande cha kwanza ni mkia. Mkia ukikushinda, unauficha nyuma ya mashine ya kukatia majani na jirani hajui. Ukikushika, unarudi kuchukua mabawa. Alikuwa na miaka sitini na tisa, hakuwa amerusha ndege tangu nikiwa mdogo, na sijamwona na furaha kama ile tangu tumzike mama.

Ndege zile nyepesi zina kanuni yake, nami niliikuta miezi minne kabla ya safari ile, kwenye gazeti la baba la wajenzi wa ndege, juu ya meza yake ya jikoni, wakati yeye yuko nje akikwangua theluji. Niliisoma nikiwa nimesimama. Mwenye kurusha ndege ndogo kama ile hahitaji cheti cha daktari wa marubani. Leseni ya gari inamtosha. Lakini aliyewahi kwenda kwa daktari huyo, akapimwa na kukataliwa, leseni ya gari haimsaidii tena. Yaani asiyekwenda anaruka, na aliyekwenda akashindwa anabaki chini. Niliisoma mara ya pili, taratibu, nikalirudisha gazeti pale pale.

Baba alikuwa amepasuliwa moyo miaka miwili nyuma. Nililala kwenye kiti cha hospitali siku kumi na moja, na siku ya tano daktari aliniita kando, akaniuliza kama familia yote imeshafika. Kwa hiyo sikutaka aruke. Mtu mwenye adabu angemwambia hivyo. Mimi nilimngoja aingie, nikammiminia kahawa, nikasema, "Baba, kabla hujanunua chochote, nenda kwa daktari wa marubani akupime."

"Wa nini? Kwa ndege hizi hawamhitaji."

"Najua hawamhitaji. Nenda kwa ajili yangu, nipate usingizi."

Akanitazama kwa huruma. Hilo ndilo linalonichoma hata leo, ile huruma. Akavua kofia, akasema sawa, kama itanipa usingizi basi atakwenda.

Barua ilikuja mwezi Mei. Alinisomea kwenye simu huku anacheka. Wamemkataa, kwa sababu ya moyo, lakini si neno, alikwenda kwa ajili yangu tu na leseni ya gari anayo mfukoni. Nami nikamwambia pole. Nilikuwa na nafasi pale ya kumwambia kila kitu, nilikuwa nayo tena kila Jumapili tulipotoka kanisani, na saa mbili nzima ndani ya gari siku ile. Nilitaka mtu mwingine amwambie.

Mtu huyo alikuwa Arlys. Alishatoa kasha refu la mbao lenye mkia, walishakagua vipande vyote kwa orodha, na baba alikuwa ameketi kwenye ndege ya Arlys mwenyewe, kashika usukani, anatikisa mabega kama mtoto. Arlys aliuliza huku akitafuta kalamu. Ni swali ambalo watu wale huulizana kama wengine wanavyoulizana habari za mvua.

"Hujaenda kwa daktari wa marubani, sivyo? Na moyo huo ulionieleza umepasuliwa, usithubutu kwenda."

"Nimeshakwenda," baba akasema kwa majivuno. "Wamenikataa. Lakini leseni ya gari ninayo."

Arlys akaacha kutafuta kalamu.

"Lowell," akasema. "Shuka kwanza."

Alimweleza wakiwa wamesimama. Hakupamba. Alisema kuna rufaa, kuna vipimo vya kila mwaka, na wengine hupata cheti baada ya miaka miwili mitatu. Baba alisikiliza akisugua mikono kwa kitambaa, ingawa mikono ilikuwa safi.

"Kwa hiyo ningekaa nyumbani..."

"Ungekaa nyumbani, ungeruka. Nani alikutuma kule?"

Nilitazama sakafu. Nilimsikia baba akivuta pumzi.

"Nilijituma," akasema. "Mkia nautaka hivyo hivyo."

Arlys alimwambia asijisumbue. Baba akasema hakuja mpaka huku kununua hewa, na kasha likafungwa kwenye gari la mizigo. Kurudi nyumbani alitaja mahindi mara mbili, basi.

Rufaa hakukata. Majira yote ya baridi yaliyofuata tuliujenga mkia gerejini, Jumamosi kwa Jumamosi, yeye na nyundo, mimi na chuma changu nyuma ya bati, hita ikinguruma miguuni petu. Nilikuwa nalipa deni langu kwa mikono, au nilijidanganya hivyo. Aliniita fundi. Aliwaambia majirani kwamba bila mimi asingefika popote.

Ilikuwa Jumamosi ya Februari. Zilibaki safu mbili za ribiti. Alikuwa ameshika nyundo, hajaibonyeza.

"Signe. Ile kanuni ulikuwa unaijua?"

Ningeweza kusema hapana. Angeniamini, au angejifanya ananiamini.

"Niliijua."

"Tangu lini?"

"Kabla hujaenda."

Akatikisa kichwa polepole, kama fundi aliyeonyeshwa mahali injini inapovuja. Nilijiandaa kwa matusi, nilikuwa nayahitaji.

"Unajua kwa nini niliacha kurusha ndege, wewe ukiwa mdogo?"

"Ulikosa muda. Kazi ilikuwa nyingi."

"Muda nilikuwa nao. Mama yako aliniomba. Usiku mmoja tu, alilia, akaniomba niache, nikaacha." Akaiweka nyundo juu ya meza. "Na wewe ungeniomba tu."

Akanyoosha mkono, akakichukua kile chuma vidoleni mwangu, bila kuvuta, akasema zilizobaki atazipiga mwenyewe. Ribiti zile ni za watu wawili, mpigaji na mshikaji, hakuna mjenzi asiyejua. Nilisimama kando ya hita nikimtazama akijinyoosha na chuma mkono mmoja, akijaribu kuufikia upande wa pili wa bati, na hakufika.