Magoti ya Mama Dudu

Kila asubuhi, kabla ya kuwalisha wadudu kwenye banda walikofugwa, Mama Dudu alimchukua mdudu mmoja mwekundu mwenye madoa meusi, akambana kidogo, akalamba tone la manjano lililochuruzika gotini mwa mdudu huyo. Likiwa chungu, basi wadudu ni wazima. Wakulima waliwanunua ili wakale vidukari wanaonyonya mimea mashambani, na uchungu ule ndio uliowafanya sisimizi wasiwaguse. Kwa miaka kumi na moja ulimi wa Mama Dudu haukuwahi kukosea.

Jumanne hiyo tone lilikuwa maji matupu.

"Bosi, ni huu uji wa sukari," alimwambia msimamizi, ambaye tangu mwezi uliopita alikuwa ameacha kuwalisha wadudu vidukari hai. "Wanashiba, ila hawana cha kujilinda nacho. Tazama, ukungu umeshawaingia."

"Mama, nawe! Mdudu akishashiba anataka nini tena?"

Mama Dudu hakukaa. Alikwenda rafu hii, akarudi rafu ile, akifuta ukungu, akipangusa sisimizi, akisahau alichofuata. Alhamisi, akiwa juu ya ngazi, magoti yake yakatoa majimaji ya manjano. Akalamba. Chungu kama shubiri. Akapandisha sketi, akaegemeza goti kwenye trei, na wadudu wakaja kunywa. Kufikia jioni sisimizi walikuwa wanaondoka kwa mstari, kama watu waliokuta duka limefungwa.

"Si nilikwambia uji hauna neno?" alisema msimamizi. Akamletea kigoda, afikie vizuri trei za chini.

Wiki ya tatu kikohozi kikamwanza. Binti yake alimfunga vitambaa magotini, akinuna.

"Mama, unakwisha hivi hivi. Acha hiyo kazi."

"Nikiacha wanakufa wote. Trei mia mbili, mwanangu! Nitakaaje?"

Hata akila, miguu yake ilitembea chini ya meza. Alikuwa akila mkate mkavu na chai, maana kantini ya kazini nayo ilikuwa imepunguza chakula. Tone lake likazidi kuwa jepesi.

"Nirudishie vidukari, bosi. Hata trei moja."

"Pumzika tu, mama. Nimeshabandika tangazo."

Jumatatu watu kumi na wawili walijipanga mlangoni, suruali zimekunjwa, sketi zimepandishwa. Msimamizi alipita na kidole, goti kwa goti, akigusa na kuonja.

"Maji. Maji. Chumvi, wewe umekuja mbio? Maji."

Wa tisa alikuwa binti yake Mama Dudu.

"Mwanangu, rudi nyumbani."

"Wewe ndiye wa kurudi nyumbani, mama. Ukalale."

Msimamizi akalamba, akafumba jicho moja, akatema pembeni.

"Huyu aingie," alisema. "Na wewe mama, kabla hujaondoka, mwonyeshe uji unavyokorogwa."