Kidude Kisichogongwa na Jiwe

Mtaani wananiita Injinia, na kwa miaka mingi nimelichukulia jina hilo kama heshima. Mdogo wangu wa kike ndiye aliyenieleza juzi kwamba huwa wananicheka.

Yeye ni mwendesha baiskeli wa mashindano ya milimani, na ni hodari kweli. Mimi ni fundi wa baiskeli mwenye kibanda, spana na kichwa kikubwa. Kilichokuwa kikimwangusha kila mara ni kile kidude cha gia kinachoning'inia kando ya gurudumu la nyuma, kinachohamisha mnyororo kutoka gia hii hadi ile. Kikigongwa na jiwe kinapinda, na mbio zimekwisha. Mabingwa wa viwandani wanahangaika nacho, nikajiambia, kwa sababu hawajaniuliza mimi.

Nikakiunda upya. Changu kilikaa juu kidogo, katikati ya vyuma vya fremu vinavyoshika gurudumu la nyuma, ndani ya kisanduku cha bati nene kilichokazwa skrubu pande zote. Nilikipiga nyundo mbele ya wateja, hakikutikisika. Nikavimba kichwa mpaka kofia ikanibana.

"Kaka, mbona kizito hivi?" mdogo wangu aliuliza.

"Huo ni uzito wa akili iliyomo," nikamjibu. Ndivyo nilivyosema, kwa mdomo wangu huu.

Kesho yake ulikuwa mchujo wa timu. Watano wa kwanza wanachukuliwa, na umri wake haukuwa tena wa kusubiri mchujo mwingine. Alikishika kisanduku, akanitazama usoni.

"Sawa. Nakuamini."

Siku ya mbio nilisimama na mafundi wenzangu kwenye kona ya mawe, pabaya kuliko pote. Wa kwanza alipita salama; wawili waliomfuata waligonga, gia zikapinda, wakakaa kando wakitukana. Mdogo wangu akaja, kisanduku kikagonga jiwe, kikalia kama sufuria, naye akapita, wa pili. Niligeuka taratibu ili mafundi wapate nafasi ya kuniona vizuri.

Hapo ndipo mwiba ulipoingia kwenye tairi lake la nyuma.

Pancha si msiba. Mwendeshaji huchomoa gurudumu, hubadilisha tyubu, na huondoka kabla hujamaliza kumpa pole. Lakini gurudumu lile halikuchomoka. Kisanduku changu kililikumbatia, na kilifunguliwa kwa spana moja tu niliyoichonga mwenyewe, nayo ilikuwa mfukoni mwangu. Sheria ilikataza fundi kusaidia njiani. Nilikuwa nimewaza mawe usiku na mchana, na mwiba haukunijia akilini hata kidogo.

Aliinua baiskeli begani, akakimbia nayo, pamoja na akili yote iliyomo. Akafika wa saba.

Penye mstari wa mwisho kocha wa timu, mama asiyependa maneno mengi, aliinama akakitazama kisanduku.

"Nani alikufungia hiki?"

Mafundi wote walikuwa pale, wanangoja. Mdogo wangu alinitupia jicho, kisha akatazama chini.

"Nilifunga mwenyewe, kocha. Nilitaka kujaribu."

"Anayefanya majaribio siku ya mchujo hana nafasi kwangu," kocha akasema, akaanza kuondoka.

Nikisema kweli, nilifarijika. Heshima yangu ilikuwa imepona. Kisha nikamwona mdogo wangu anafuta matope usoni, nikajichukia.

"Kocha, anakudanganya," nikapaza sauti. "Nilifunga mimi. Aliniambia ni kizito, nikamwambia ni uzito wa akili iliyomo."

Mafundi walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini ardhi nayo ilikuwa upande wao. Kocha peke yake hakucheka. Alijaribu kuinua ile baiskeli kwa mkono mmoja, ikamshinda.

"Umekimbia mlimani na hii?"

"Ndiyo, kocha."

"Jumamosi napima mtu wa akiba. Njoo na baiskeli ya kawaida." Akanigeukia. "Na wewe, Injinia, ubaki nyumbani."

Jumamosi nilibaki nyumbani. Nilifagia kibanda mara mbili, nikafokea paka. Mchana simu ikalia.

"Kaka, nimeingia."

Machozi yalinitoka nikiwa nimesimama, wala sikuona haya. Nilipoweza kusema, nikamuuliza baiskeli ilikwendaje.

"Vizuri sana," akasema. "Haikuwa na kitu chako hata kimoja."

Nikamwambia nimefurahi, na nilikuwa nimefurahi kweli.